Damu Isipofika Nyumba ya Mwisho

Mazungumzo na kina mama wa vikoba, Tanga. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikipunguza pale nilipojirudia na pale mlipocheka mpaka sikusikika.

Shikamooni mama zangu. Dada zangu na wadogo zangu, hamjambo. Kijana wa spika nimemwomba atupishe kidogo, na ametoka mbio kuliko nilivyotarajia. Nadhani kuna mtu alishamnong'oneza mada. Haya, tumebaki wenyewe.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie presha na sukari. Nitazungumzia hayo hayo. Lakini kiharusi, figo na macho mmeshayasikia redioni mpaka mmechoka, na nikiyarudia mtasinzia. Leo naingilia mlango mwingine, wa chumbani.

Jumanne na Alhamisi nakaa kliniki ya presha na sukari. Mgonjwa anaingia na daftari lake, tunapima, naandika, tunaongea habari za chumvi, tunaongea habari za dawa. Anashukuru, anainuka. Akifika mlangoni anashika kitasa, na badala ya kufungua anausukuma mlango ufunge vizuri. Anavuta mtandio. "Halafu daktari, kuna kajambo kengine." Nimeshajifunza. Mama akisema kajambo, naweka kalamu chini.

Mmoja wa hao, nimebadilisha mawili matatu asitambulike, alikuwa na miaka 52, muuza dagaa, watoto watano, mume mmoja tangu ujana. Aliniambia hivi: "Mume wangu anasema nimemchoka. Sijamchoka. Moyo unataka, ila mwili hausikii." Alikuwa mkavu kiasi kwamba tendo la ndoa limekuwa kama adhabu, na kufika kileleni kumebaki hadithi ya zamani. Miaka mitatu. Katika miaka hiyo alishaambiwa ana jini mahaba, akachinja kuku mara mbili. Shoga yake akamwambia ni utu uzima, azoee. Mume akaanza kuuliza nani anamridhisha huko sokoni. Dawa za presha alikuwa ameacha tangu Ramadhani iliyopita. Nilipompima, presha ilikuwa 170 kwa 100, na sukari 14 kabla hajatia kitu kinywani.

Moyo unataka, mwili hausikii. Nimekuja na maneno yake hayo, maana sijasoma kitabu cha udaktari kilichoeleza ugonjwa huu kwa ufupi kuliko yeye.

Sasa niwaulize. Ute wa mwanamke anapokuwa na hamu unatoka wapi? (Sauti: "Kwenye mfuko wa uzazi." Nyingine: "Kwenye tezi.") Tezi zipo, mbili, pale mlangoni, lakini mchango wao ni mdogo. Ukuta wa uke wenyewe hauna tezi. Mnajua mtungi wa udongo ukijazwa maji, baada ya muda unaanza kutoa jasho kwa nje? Haukutobolewa popote, na hakuna aliyeupaka maji. Maji ya ndani yamepenya ukutani yenyewe. Uke unafanya hivyo hivyo. Hamu ikija, mishipa ya fahamu inapeleka taarifa, mishipa ya damu ya nyonga inalegea na kutanuka, damu inajaa nyuma ya ukuta wa uke, na sehemu ya majimaji ya damu inachujwa kupita ukutani. Ndio ute huo. Masters na Johnson, watafiti wawili wa Marekani, walilionyesha hilo katika miaka ya 1960. Basi mtungi usipojazwa, hata ungekuwa mzuri namna gani, nje utabaki mkavu. Na mtungi mkavu haumaanishi kwamba mwenye nyumba hampendi mgeni wake.

Kinembe nacho ni habari ya damu. Mnachokiona ni ncha tu. Sehemu kubwa iko ndani, ina miguu miwili inayofuata mfupa wa nyonga kushoto na kulia, na mafungu mawili ya nyama laini yanayoukumbatia mlango wa uke. Nyama hiyo ni ya aina ile ile iliyomo kwenye uume, kama sponji, na inavimba kwa kujaa damu. Wale mliopitishwa kwenye wembe utotoni, na najua mpo, sehemu kubwa hiyo ya ndani kwa kawaida bado mnayo. Siwaambii hivyo kupunguza ubaya wa mlichofanyiwa. Nawaambia kwa sababu wengi wenu mmeambiwa hamna kitu kabisa.

Chuo mimi nilifundishwa uume kwa mihadhara mitatu, kinembe kwa mstari mmoja. Mwaka 1998 ulikuwa wa ajabu katika mambo haya. Mwezi Machi Marekani iliidhinisha Viagra kwa wanaume. Mwezi Oktoba Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, wakatunukiwa Nobel ya tiba kwa kugundua kwamba gesi ya oksidi ya naitriki ndiyo inayoiamuru mishipa ya damu ilegee. Na Viagra kazi yake ni kuipa amri hiyo muda mrefu zaidi. Mwaka huo huo Helen O'Connell, daktari bingwa wa njia ya mkojo kule Melbourne, Australia, akachapisha uchunguzi wake ulioonyesha kwamba picha za kinembe kwenye vitabu vingi zilikuwa na makosa, na kwamba kiungo hicho ni kikubwa kuliko walivyochora. Habari ya Machi ilifika mpaka kwenye vijiwe vya kahawa. Ya O'Connell niliisikia nikiwa nimeshaajiriwa.

Turudi kwenye mabomba. Mnajua mtaa ambao laini ya maji imechoka. Ndani ya bomba kumeota kutu na chokaa, maji hayakatiki siku moja. Nyumba ya kwanza wanaoga kama kawaida, ya kati wanalalamika kidogo, na nyumba ya mwisho, yenye bomba jembamba kuliko zote, ndiyo inayokauka kwanza. Huko ndiko wanakoanza kuulizana kuna nini. Mwilini ni hivyo hivyo. Mishipa inayolisha moyo ina upana wa milimita tatu au nne. Ile ya sehemu za siri ni myembamba zaidi, na iko mwisho wa laini, tawi la tawi la mshipa mkubwa wa nyonga. Presha inazifanya kuta za mishipa kuwa nene na ngumu. Mafuta yanaganda ndani yake kama ukoko. Sukari inaharibu ule utando laini wa ndani unaotengeneza oksidi ya naitriki, kwa hiyo hata amri ya kulegea ikitolewa, inatolewa kwa sauti ndogo. Sigara inafanya yote hayo kwa pamoja, na shisha nayo ni moshi wa tumbaku hata ukinukia tufaha, wadogo zangu mnaocheka huko nyuma.

Kwa mwanamume jambo hili limeshakubalika. Akishindwa kusimamisha, daktari aliyeamka vizuri humpima moyo, kwa sababu inajulikana kwamba tatizo hilo linaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili mpaka mitano. Kwa mwanamke utafiti ni mchache, na sitawadanganya kwamba kila ukavu ni taarifa ya moyo. Kuna kukoma hedhi, ambako homoni ya estrojeni inapungua na damu inayofika ukutani kwa uke inapungua nayo. Kuna kunyonyesha. Kuna fangasi, kuna sonona na baadhi ya dawa zake, kuna uchovu wa kuamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua. Kuna mume asiye na subira, na huyo hana kidonge. Lakini mabomba ni yale yale na kutu ni ile ile. Mwanamke mwenye presha, sukari au mafuta mengi kwenye damu akilalamika kwamba huko chini kumebadilika, kuacha kumsikiliza ni uzembe. Mwanamume kwa dalili hiyo anapelekwa kupimwa, mwanamke anapelekwa kwa mganga au anapewa talaka.

Nami nimo katika hesabu hiyo ya uzembe. Nikiwa daktari mchanga, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, alikuja dada wa miaka 38 analalamika anawashwa ukeni na tendo linamuumiza. Nikampa dawa ya fangasi. Akarudi baada ya wiki tano, nikampa tena. Mara ya tatu nilikasirika, nikamuuliza kama mume wake ametulia. Aliinama tu. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akaja na kile kimashine cha kutoboa kidole bila kuniuliza. Sukari 19. Fangasi wanapenda sukari kama sisimizi, na mimi nilikuwa nafukuza sisimizi huku bakuli liko wazi. Na si fangasi tu. Sukari ya muda mrefu inatia ganzi mishipa ya fahamu, miguuni mnaijua, na huko pia inafika. Mtu anaguswa mahali palepale alipozoea na haisikii raha, kana kwamba anaguswa juu ya nguo. Yule dada nilimwomba radhi baadaye. Mume wake alikuwa ametulia.

Sasa dawa, maana hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Ni kweli baadhi ya dawa za presha zinaweza kugusa chumbani. Atenolol na ndugu zake zinaweza kupunguza hamu kwa baadhi ya watu, na zile mnazoita dawa za kukojoa zinaweza kuongeza ukavu kwa wengine. Losartan na zilizo ukoo wake kwa kawaida hazina lawama hiyo, ila hazifai kwa mwenye mimba, kwa hiyo kama bado unazaa mwambie daktari kabla hajaandika. Ninachotaka mkishike ni kwamba dawa inabadilishwa. Sijasema inaachwa. Yule mama wa dagaa aliacha vidonge akidhani ndivyo vinavyomkausha, kumbe ukavu ulikuwepo kabla, na miezi ile ya kuacha iliyazidishia mabomba kutu.

Na vidonge vya baba msivimeze. Najua vinamezwa. Kampuni ya Pfizer iliijaribu Viagra kwa wanawake miaka kadhaa, ikaacha mwaka 2004. Damu kwa baadhi yao iliongezeka huko chini, lakini wenyewe hawakusema hamu imeongezeka. Maoni yangu ni kwamba kulikuwa na mchanganyiko wa matatizo mengi katika wanawake wale, na wale ambao moyo unataka mwili hausikii walipotelea humo. Baadaye Marekani iliidhinisha dawa mbili za kuongeza hamu, moja mwaka 2015 na nyingine 2019, kwa wanawake ambao hawajakoma hedhi. Zote zinafanya kazi kwenye ubongo. Mshipa haziuzibui. Tena, anayetumia dawa ya kifua ya kuweka chini ya ulimi akichanganya na Viagra, presha inaweza kuporomoka na asiamke. Vumbi la Kongo ndilo silisemi kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuja kliniki akaweza kuniambia ndani yake kuna nini.

Niende upande wa vena, mishipa inayorudisha damu, maana hapa kuna kundi la wanawake walioteseka kimya. Mnajua ile mishipa ya buluu inayovimba miguuni, na bawasiri mnaijua. Vena za nyonga nazo zinaweza kuvimba hivyo. Ndani ya vena kuna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Mimba inaongeza damu, homoni zinalegeza kuta, na baada ya uzazi wa pili au wa tatu vilango vingine havifungi tena. Damu inatuama. Mwenye tatizo hili kwa kawaida bado anazaa au ndiyo amemaliza kuzaa. Anasikia uzito chini ya kitovu, kama amebeba ndoo ndani. Unazidi jioni, unazidi akisimama sana, unazidi karibu na hedhi, akilala unapoa. Na baada ya tendo la ndoa maumivu ya kuvuta yanabaki saa nyingi, pengine mpaka kesho yake. Mwanamke huyu anaanza kukwepa kitanda, si kwa kumchukia mtu, anakwepa kesho yake.

Hapa kwetu anaambiwa ana PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi. Anachomwa sindano, anapewa vidonge vya wiki mbili, anarudi. Kisha anaambiwa ni U.T.I. sugu. Nimeona daftari la mama mmoja lenye antibayotiki mara tisa ndani ya miaka miwili, na kipimo cha mkojo kilichoonyesha maambukizi kilikuwa kimoja tu. Kama maelezo niliyotoa yanafanana na yako, yaseme hivyo hivyo kwa mpangilio: naumwa zaidi jioni, nikilala napata nafuu, baada ya tendo linabaki. Omba utrasaundi inayoangalia mishipa ya nyonga, na ikiwezekana ifanywe ukiwa umesimama au umeinuliwa, kwa sababu ukilala chali vena hizo zinaweza kunywea na zisionekane. Tiba ipo. Kuna dawa za homoni, na kuna wataalamu wa radiolojia wanaoingiza mrija mwembamba kwenye mshipa na kuuziba ule ulioharibika bila kupasua tumbo.

Kuna wengine wawili nitawapitia haraka. Aliyepata mionzi hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi: mionzi inaponya, lakini inachoma na mishipa midogo ya damu, na uke unaweza kukakamaa na kufunga njia miezi na miaka baadaye. Kuna vifaa vya kutanulia na kuna jeli, uliza mapema, usisubiri mpaka paweze kupita kidole kimoja tu. Mwingine ni aliyewahi kupata presha ya mimba au kifafa cha mimba. Ilishuka ulipojifungua, ukasahau. Mishipa haikusahau. Hatari yako ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbele ni karibu mara mbili ya mwenzako. Pima presha kila mwaka hata kama huumwi popote.

Na aliyepata shambulio la moyo, au mume wake alipata, mkaogopana mkawa mnalala kama kaka na dada: kipimo rahisi ni ngazi. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kukaza kidogo, kifua kisibane na pumzi isikatike, kwa kawaida moyo unaliweza na tendo la ndoa. Muulize daktari wako kwanza, ila muulize kweli. Wanawake ndio huondoka hospitali bila kuambiwa neno juu ya hili.

Nimalizie na shabu. Somo yangu yupo hapa leo, ndiye aliyenicheza, na nina adabu naye. (Vicheko.) Unyagoni nilifundishwa mwili wangu vizuri kuliko chuoni, nalisema waziwazi. Lakini kuna jambo tumelipokea tukalipitisha bila kulipima, kwamba mwanamke mwenye ute mwingi ni mchafu au ametumika, akaushe kwa shabu, kwa kitambaa, kwa majani. Ute ule ni damu imefika nyumba ya mwisho. Ukiukausha unakwangua ukuta, unapata vidonda vidogo, na vijidudu vinapata mlango. Na sasa mwenye miaka hamsini na sukari yake, ambaye tone moja analitafuta kwa tochi, bado anatia shabu kwa sababu ndivyo alivyofunzwa akiwa na miaka kumi na sita. Dada zangu, anunue jeli ya maji famasi. Mafuta ya nazi hayamdhuru kama hawatumii kondomu, wakitumia yataichana.

Mengine ya kusaidia mnayajua: vidonge kila siku, kutembea kwa kasi nusu saa siku nyingi za wiki, sigara iishe, chumvi ipungue. Naongeza moja tu ambalo redio hawalisemi. Mishipa iliyochoka bado inatanuka, ila inachelewa. Jiko la mkaa haliwaki kama la gesi, linataka kupepewa. Mwambieni mzee asikimbilie kuinjika sufuria.

Nimeweka kikapu cha ukindu pale kwenye kiti, na vikaratasi, bila majina. Kimeshajaa, naona. Nasoma cha juu. "Dokta, mume wangu ana sukari na mimi nina presha, sote wawili tumeshindwa, kila mtu anamsingizia mwenzake. Nani aje?"

Njooni wote. Jumanne, mapema, na msinywe chai. Na msisubiri kufika mlangoni ndipo mseme.